Watu Wasio na Majina Walionoa Visu vya Dunia, na Wewe Leo Ununue Kifaa Gani

Kuna mshikaji wangu mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu ataisoma hii na hataki kuchekwa. Kaka yake anafanya kazi melini, akamletea kisu cha kukunja, kile cha mfukoni, cha maana kweli kweli. Kwenye chuma kimeandikwa S30V. Kilikuwa kinapita kwenye nyanya mbivu bila kuikandamiza. Jamaa alikipenda kuliko simu yake.

Baada ya miezi kadhaa kikawa butu. Akanunua kidude cha kunolea cha bei chee, kile cha kupitisha kisu katikati ya vyuma viwili vilivyokaa kama herufi V. Akavuta mara kumi, mara ishirini, mara hamsini. Kisu kikaanza kuchana karatasi badala ya kuikata. Ukikiinua kwenye mwanga unaona mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Akaja kwangu na sura ya msiba: "Kaka, au hiki kisu ni feki?"

Kisu hakikuwa feki. Kidude ndicho kilikuwa hakikifai. Nilipoanza kumtafutia kinachofaa nikajikuta nasoma historia mpaka saa nane usiku. Kumbe kila kifaa cha kunolea kinachouzwa leo kina watu nyuma yake waliohangaika na tatizo lile lile, na wengi wao hakuna anayewajua. Kisu kinaandikwa jina la kiwanda. Aliyekitia makali haandikwi popote. Leo ni zamu yao, halafu mwishoni nakuambia mfuko wako uelekee wapi.

Jamaa wa barafuni

Septemba 1991, watalii wawili Wajerumani walikuwa wanashuka mlima kwenye mpaka wa Italia na Austria, zaidi ya mita 3,200 juu ya bahari. Wakaona mwili umetokeza kwenye barafu. Kila mtu akadhani ni mpanda mlima aliyepotea juzi juzi. Vipimo vikaonyesha jamaa alikufa kama miaka 5,300 iliyopita. Jina lake la kweli hakuna anayelijua. Dunia ikambatiza Ötzi, kutokana na jina la bonde lililo karibu na hapo, na leo amehifadhiwa kwenye makumbusho ya Bolzano.

Watu wengi wanajua stori ya mshale uliompata begani kwa nyuma. Wachache wanajua alichokuwa amebeba. Alikuwa na kisu kidogo cha jiwe gumegume chenye mpini wa mti, na ala yake iliyosukwa kwa nyuzi za magome. Pamoja na kisu alikuwa na kitu kama penseli nene, kipande cha tawi chenye ncha ya pembe ya kulungu iliyochomekwa katikati. Hicho ndicho kilikuwa kinoo chake. Makali ya gumegume yakichoka, unakandamiza ncha ya pembe ukingoni, vipande vidogo vinabanduka, makali mapya yanatokea.

Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2018 waliziangalia zana zake kwa hadubini. Ncha ya kisu ilikuwa imevunjika. Zana nyingine zilikuwa zimeliwa mpaka karibu kwisha kwa kunolewa tena na tena, baadhi zikiwa zimenolewa siku chache tu kabla hajafa. Yaani jamaa alikuwa anakimbia milimani, mawe yamemwishia, na bado alikuwa anahangaika na makali.

Kuna kitu cha kumwiga hapo. Kinoo chake kilichaguliwa kulingana na kisu chake. Gumegume linataka pembe, basi akabeba pembe. Mshikaji wangu, miaka 5,300 baadaye, alichagua kwa kuangalia bei.

Mawe yaliyosafiri kuliko watu

Chuma kilipoingia, kazi ya kunoa ikahamia kwenye mawe ya kusugulia. Na usidhani jiwe lolote linafaa. Kinoo kizuri kina chembe ngumu ndogo ndogo zinazolingana, zikishikiliwa na jiwe laini kiasi cha kuachia chembe zilizochoka ili mpya zitokeze.

Sehemu zenye mawe hayo ni chache, ndiyo maana mawe yalikuwa biashara kubwa. Wakati wa Waviking, vinoo kutoka Eidsborg kule Norway vilipakiwa kwenye majahazi yao vikauzwa nchi nyingi za Ulaya kaskazini. Ubelgiji, kwenye milima ya Ardennes, kuna jiwe la njano linaloitwa coticule, lililojaa chembe za ganeti, ambalo vinyozi walilipenda kwa nyembe zao. Arkansas kule Marekani kuna jiwe gumu sana la novaculite, ambalo wenyeji wa asili walilitengenezea mikuki na visu kabla wazungu hawajalifanya kinoo. Na Japani, milima ya karibu na Kyoto imechimbwa mawe laini ya kunolea kwa maji kwa karne nyingi. Mawe hayo yanaachia tope, na tope lenyewe ndilo linalong'arisha makali.

Na kisu cha kukunja si uvumbuzi wa jana. Kwenye makumbusho ya Fitzwilliam kule Cambridge kuna kifaa cha Kirumi cha fedha, cha kama miaka 1,800 iliyopita, kina kijiko, uma, ncha ya kuchokolea na kisu, vyote vinakunjwa. Fedha bado ipo vizuri. Sehemu ya kisu, iliyokuwa ya chuma, imeliwa na kutu.

Hapa kwetu pia kinoo hakijawahi kuwa mbali. Nani hajaona bibi akigeuza kikombe cha udongo na kusugulia kisu pale chini, kwenye duara lisilong'aa? Watu wanacheka, lakini duara lile ni kauri tupu, haina ule utando wa kioo. Shikilia hilo la kauri, tutalirudia.

Waliolala kifudifudi

Sasa twende Ufaransa, kwenye mji wa Thiers, ambao mpaka leo ndio makao makuu ya visu vya nchi hiyo. Chini ya mji unapita mto Durolle wenye maji ya kasi. Kwa karne nyingi maji hayo yalizungusha magurudumu ya mawe kwenye vibanda vilivyojipanga kando ya mto.

Wanoaji wa Thiers walifanya kazi wakiwa wamelala kifudifudi juu ya ubao, uso ukiwa juu ya jiwe linalozunguka, mikono miwili ikikandamiza kisu. Siku nzima hivyo. Maji ya baridi yanawarukia, vibanda viko bondeni, na majira ya baridi kule si mchezo. Dawa yao ilikuwa mbwa. Kila mnoaji alikuwa na mbwa wake, anapanda anamlalia kwenye miguu na kumpa joto. Picha za zamani zipo, mstari wa wanaume wamelala kwenye mbao na mbwa juu yao. Watu wakawaita "matumbo ya njano" kwa sababu ya tope la njano la mawe lililowaganda mbele.

Kwa nini walale? Kwa sababu kunoa ni kushika pembe moja bila kuyumba. Mtu aliyelala, viwiko vimeegemea, anakandamiza kwa uzito wa mwili na mkono hauchezi. Yaani mwili wake wote ulikuwa umegeuzwa kuwa kishikio. Ukiona leo kifaa cha kisasa chenye koleo la kubana kisu na fimbo inayoongoza jiwe, kinafanya kazi ile ile iliyokuwa inafanywa na tumbo la jamaa wa Thiers.

Uingereza, kwenye mji wa Sheffield, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kule walikaa kama wamepanda farasi, jiwe kubwa la mchanga likizunguka mbele yao. Jiwe likiwa na ufa lilipasuka likiwa kwenye kasi, na halikuchagua wa kumuua. Lakini muuaji mkubwa alikuwa vumbi. Waliosaga kwa maji walikuwa na nafuu kidogo. Waliosaga kavu, hasa wa uma, walivuta vumbi la jiwe na chuma kila siku mpaka mapafu yakakauka. Daktari mmoja wa mji huo, ambaye Friedrich Engels alimtumia kwenye kitabu chake cha mwaka 1845, alikadiria kwamba wasagaji wa kavu kwa wastani walikuwa hawavuki sana miaka 35, na wale wa maji mara chache kuvuka 45.

Sehemu iliyoniacha mdomo wazi ni hii. Vilibuniwa vyombo vya kunyonya vumbi. Engels anaeleza kwamba baadhi ya wanoaji wenyewe walivikataa, wengine wakavivunja. Hofu yao ilikuwa kwamba kazi ikiwa salama, watu wengi wataikimbilia na malipo yatashuka. Wakachagua maisha mafupi yenye hela ya kula raha wikiendi. Hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake liko kwenye kisu. Neno "Sheffield" liko.

Wapiga filimbi wa Ourense na mzee wa baiskeli

Sio wote waliokaa kiwandani. Kaskazini magharibi mwa Hispania, kwenye mkoa wa Ourense huko Galicia, wanaume walitoka vijijini wakisukuma gurudumu la mbao lenye jiwe la kunolea, wakatembea nchi nzima kwa miguu. Wakifika mtaani wanapiga filimbi ndogo yenye matundu, sauti inapanda na kushuka, na kina mama wanatoka na visu na mikasi. Wengi walitengeneza na miavuli. Walikuwa na lugha yao ya siri, barallete, ili wateja wasielewe wanapopanga bei. Wengine walivuka bahari mpaka Argentina na Mexico, na filimbi yao ikasikika huko pia. Nogueira de Ramuín, walikotoka wengi wao, wamemjengea mnoaji sanamu. Ni sanamu ya kazi yenyewe, ya wote waliopita na gurudumu.

Ukisoma hayo, unamkumbuka mtu wa kitaani kwako. Yule mzee wa baiskeli. Anasimama kona, anainua gurudumu la nyuma kwenye stendi, anahamisha mkanda, anapiga pedali, na jiwe la duara linaanza kutoa cheche. Dar wapo, Nairobi wapo. Panga, kisu cha buchani, mkasi wa fundi cherehani, vyote vinapita pale. Watu wanamwita "mzee wa visu" miaka kumi bila kujua jina lake.

Heshima yake naitoa kabisa. Kwa panga na kisu cha jikoni, mpe kazi. Ila kisu chako cha kukunja cha bei mbaya usimpe, na sio kwa ubaya. Jiwe kavu linalozunguka kwa kasi linatoa joto, na ukingo wa kisu ni mwembamba kuliko karatasi, kwa hiyo joto linajaa pale ndani ya sekunde. Chuma kikishika rangi ya bluu ujue ugumu wake umeondoka sehemu hiyo. Halafu jiwe linakula chuma kingi kwa mpito mmoja. Panga lina chuma cha kupoteza. Kisu cha sentimita nane hakina.

Aliyetafuta almasi akapata msasa

Jiwe la kwenye baiskeli ya mzee halikuchimbwa mlimani. Ni la kiwandani, na hapa ndipo majina yanaanza kuonekana, kwa sababu hela imeingia.

Mwaka 1891 kule Pennsylvania, Edward Acheson alichanganya udongo na makaa ya koki akapitisha umeme mkali, akitafuta kutengeneza almasi. Almasi hakupata. Alipata vipande vidogo vinavyong'aa, vigumu ajabu, akaviita Carborundum. Mwanzoni viliuzwa kwa karati kwa wasugua vito. Mwaka 1895 akahamia Niagara Falls kufuata umeme wa bei nafuu wa maporomoko, na ghafla dunia ikawa na mawe ya kunolea ya kutengenezwa, yenye chembe za saizi moja. Baadaye kidogo ikaja oksaidi ya alumini ya viwandani. Msasa unaonunua dukani leo, na namba zake za 120, 400, 1000, ni mtoto wa kipindi hicho. Namba ikipanda, chembe zinakuwa ndogo na makali yanakuwa laini zaidi.

Kisha Sheffield ikajibu mapigo. Mwaka 1913 Harry Brearley alipata chuma kisichoshika kutu. Mafundi wa visu walimkejeli kwamba kavumbua visu visivyokata, kwa sababu chuma chake kiliwasumbua kukitia makali kwa njia walizozoea. Umeiona? Chuma kipya kimekuja, mtindo wa zamani wa kunoa umegoma, na anayelaumiwa ni kisu. Kama mshikaji wangu tu na swali lake la feki.

Mwaka 1955 kampuni ya General Electric ikatangaza kwamba imetengeneza almasi kiwandani. Ndoto ya Acheson ikatimia, na almasi ikashuka kutoka kwenye pete mpaka kwenye vibao vya kunolea.

Na hii nimeipenda: kampuni ya Spyderco, ambayo leo watu wanaifuata kwa visu vyake vya kukunja vyenye tundu la duara, ilianza kuuza kifaa cha kunolea kabla ya kisu. Kisu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1981. Kabla ya hapo walikuwa wanauza fimbo za kauri zinazosimama kwa pembe. Kauri ile ile ya kikombe cha bibi, ila imepimwa.

Chuma kikakimbia, jiwe likaachwa

Sasa tufike kwenye kile kilichomuua jamaa. Miaka ya 1970 viwanda vilianza kutengeneza chuma cha visu kwa unga. Chuma kilichoyeyuka kinapulizwa kinakuwa vumbi, kisha vumbi linashindiliwa kwa joto na nguvu. Njia hiyo inakubali kuongezwa vitu vigumu vingi bila chuma kuwa na mabonge ndani. S30V ilitoka mwaka 2001, ikiwa na vanadiamu asilimia 4. S90V inayo asilimia 9. Mwaka 2021 ikaja MagnaCut, nayo ina asilimia 4 pamoja na niobiamu.

Vanadiamu ikiungana na kaboni inatengeneza chembe zinazoitwa kabidi, ngumu kama kokoto ndani ya zege. Ndizo zinazofanya kisu kikae na makali muda mrefu. Na ndizo zinazokataa jiwe lako. Angalia takwimu hizi za ugumu kwa kipimo cha Vickers, ni za kukadiria:

Kabidi za kromiamu, zile za chuma cha kawaida kisichoshika kutu: kama 1,500.
Oksaidi ya alumini, yaani mawe mengi ya bei ya kati na fimbo za kauri: kama 2,100.
Karborandamu ya Acheson: kama 2,500.
Kabidi za vanadiamu: kama 2,800.
Almasi: zaidi ya 8,000.

Soma tena mstari wa nne. Kabidi za vanadiamu ni ngumu kuliko jiwe la kawaida. Ukinoa S30V kwa kauri au jiwe la alumini, unakula chuma laini kilichozizunguka, lakini kabidi zenyewe zinabaki au zinang'oka. Kwa kugusagusa makali kila wiki inawezekana, itakwenda tu. Kwa kurudisha kisu kilichokuwa butu kabisa, au kutoa mapengo, utasugua mpaka ukate tamaa. Na kile kidude cha V kinakwangua, hakinoi. Kinararua ukingo.

Basi ndiyo hivyo. Ötzi alichagua pembe kwa ajili ya gumegume. Wewe chagua jiwe kwa ajili ya chuma chako.

Haya, ununue nini?

Jibu maswali mawili kwanza. Chuma cha kisu chako ni kipi? Na mkono wako umetulia kiasi gani?

1. *Una Opinel, Victorinox au kisu chenye chuma cha kawaida.* Una bahati, chuma chako kinanoleka kirahisi. Chukua jiwe la kunolea la pande mbili, namba 400 na 1000 hivi, linatumia maji, basi. Hela ndogo na litakaa miaka. Utahitaji kujifunza kushika pembe, kwa hiyo anzia kwenye kisu cha jikoni cha mama (omba ruhusa). Fimbo za kauri nazo zinakutosha kabisa.

2. *Una S30V, S35VN, MagnaCut au ndugu zao.* Nenda kwenye almasi. Vibao vya almasi havihitaji kulowekwa, haviliwi bonde katikati kama mawe, na vinakula kila chuma. Mtengenezaji mmoja anayefahamika, DMT, anatumia rangi: bluu ni ya kukwangua, nyekundu ni laini, kijani ni laini zaidi. Nyekundu na kijani zinatosha watu wengi. Bluu ni ya kisu kilichoharibika. Usikandamize, almasi inajifanyia kazi yenyewe, na ukitumia nguvu unazing'oa chembe kwenye bamba.

3. *Mkono unayumba na hutaki kujifunza miezi.* Hapa ndipo vifaa vyenye koleo na fimbo vinapokuja. Unabana kisu, unachagua pembe, jiwe linapita njia moja tu. Lansky wana matundu ya digrii 17, 20, 25 na 30. Work Sharp wana kimoja unachozungusha kuanzia 15 mpaka 30. Hakikisha unachonunua kina mawe ya almasi kama chuma chako ni kile cha namba 2. Angalizo: kwenye kisu kirefu, pembe inabadilika kidogo jinsi jiwe linavyoenda mbali na koleo. Kwa kisu cha mfukoni hilo si tatizo. Tatizo ni kubana vizuri, kisicheze, na kuweka utepe wa karatasi ili koleo lisichubue.

4. *Hutaki kisu kifikie kuwa butu.* Fimbo za kauri zinazosimama kama V, mfano Sharpmaker. Usichanganye na kile kidude cha kuvuta. Hapa fimbo ni za duara au pembetatu, zimeinama, wewe unashusha kisu wima kama unayekata mkate. Pembe ni digrii 15 au 20 kila upande. Dakika tatu kila wiki na umemaliza. Fimbo za almasi zinauzwa pembeni kwa ajili ya vyuma vigumu.

5. *Mashine ya mkanda wa msasa ya umeme.* Inafanya kazi fasta sana. Na inaharibu fasta vile vile: joto, na ncha inakuwa duara usipokuwa makini. Kama una kisu kimoja, hela hiyo ifanyie kitu kingine.

Ukiniuliza mimi kwa mtu wa kawaida mwenye kisu kimoja kizuri: kibao cha almasi chenye pande mbili na kipande cha ngozi. Mkono ukigoma, kifaa cha koleo chenye almasi. Vingine ni mapenzi.

Mambo manne ya kuokoa kisu chako

Paka ukingo wa makali rangi ya makapeni kabla ya kuanza. Pitisha jiwe mara mbili, angalia. Rangi ikitoka karibu na mgongo tu, umelaza kisu mno. Ikitoka kwenye ncha ya makali tu, umekiinua mno. Ikitoka yote, upo sawa. Hii inafanya kazi kwa kifaa chochote.

Noa upande mmoja mpaka usikie kijiuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili. Kipapase kwa kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje, usipitishe kidole kufuata urefu wa makali. Kama kijiuzi hakijatokea kuanzia mwanzo mpaka ncha, hujafika kwenye makali, endelea. Watu wengi wanaacha hapa wakidhani jiwe ni baya.

Kisha geuza, fanya upande wa pili, na malizia kwa mipito mepesi ya kubadilishana. Kijiuzi cha mwisho kitolee kwenye ngozi, ukivuta kisu kinyumenyume. Mkanda wa zamani unatosha.

Na kwa sababu ni cha kukunja: ukimaliza, osha, kausha, futa bawaba na weka tone la mafuta. Vumbi la jiwe likiingia pale linasaga kila unapofungua.

Jamaa aliishia wapi?

Tulimtafutia kibao cha almasi. Siku ya kwanza alinoa saa nzima akakasirika, mapengo bado yapo. Nikampa makapeni, akagundua alikuwa amekiinua kisu muda wote. Siku ya pili akakaa sakafuni, akaegemeza viwiko kwenye magoti, mgongo ukutani, ili mkono usicheze. Hajawahi kusikia habari za Thiers. Mwili wake ulimwonyesha tu. Siku ya tatu usiku akanitumia video ya sekunde tano: kisu kinapita kwenye risiti ya duka bila sauti. Hakuandika neno.

Ukingo umepungua kidogo, utaona ukilinganisha na picha ya zamani. Chuma alichokipoteza kwenye kile kidude hakirudi. Ila kisu kipo, na safari hii aliyekitia makali tunamjua, japo nimeahidi simtaji.

Sasa nyie, kitaani kwenu mzee wa visu anapita na nini, baiskeli au miguu? Na kuna anayejua jina lake? Kesho akipita muulize, halafu tuandikie hapo chini.